Somo la Uskoti: Karatasi Mbili za Kura



Kabla sijaanza kazi ya chama nilikuwa kibarua, na baadaye fundi msaidizi, katika kiwanda kimoja chenye kambi ya wafanyakazi nyuma yake. Kambi ile ilikuwa na bomba moja la maji kwa nyumba zote. Siku moja bomba likaharibika. Tulikwenda kwa meneja, akatuambia maji ni kazi ya baraza la mji. Tukaenda baraza la mji, karani akatazama ramani yake, akasema bomba limo ndani ya uzio wa kampuni, kwa hiyo ni la kampuni. Tukarudi kwa meneja. Tulizungushwa hivyo wiki sita, na wiki zote hizo wanawake na watoto walichota maji bondeni. Tawi letu lilikuwa na nguvu. Tungeweza kusimamisha mashine zote kwa saa moja. Lakini hatukujua tumsimamishie nani mashine.

Tangu siku ile, nikisoma habari za nchi yoyote, kwanza natafuta kujua nani anaamua jambo gani, na nani aliyemchagua. Somo la leo linahusu uchaguzi wa halmashauri za wilaya katika Uskoti, mwaka 1974, baada ya serikali kuvunja mabaraza yote ya zamani na kuchora ramani mpya. Tutatazama na yale yaliyofuata, kwa sababu matunda ya ramani ile yalichelewa kuonekana.

Najua baadhi yenu mtasema Uskoti ni mbali na baridi yake haituhusu. Uskoti ni sehemu ya kaskazini ya Uingereza, nchi ya makaa ya mawe, chuma, magunia na meli. Ile meli ya Victoria iliyobeba abiria miaka mingi katika ziwa letu ilitengenezwa na wafanyakazi wa Yarrow huko Glasgow, kwenye mto Clyde. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli hadi Kisumu, ikaunganishwa upya, ikaanza kazi mwaka 1961. Na mji wa Blantyre kule Malawi umepewa jina la kijiji cha Uskoti alikozaliwa David Livingstone, ambaye kabla ya kuwa mmisionari alikuwa mtoto wa kiwanda: alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10. Hivyo si wageni kabisa.

Sasa shikeni jambo moja kabla hatujaendelea. Katika miaka ya 1970 zaidi ya nusu ya familia za Uskoti hazikuwa na nyumba yao wenyewe wala hazikupanga kwa tajiri. Zilipanga kwa halmashauri. Mjenga meli wa Glasgow, mchimba makaa wa Fife, mwanamke wa kiwanda cha magunia cha Dundee, wengi wao mwenye nyumba wao alikuwa baraza la madiwani. Maana yake ni hii: chama cha wafanyakazi kinaweza kugoma miezi miwili na kupata nyongeza ya mshahara, halafu madiwani wakakaa jioni moja, wakapandisha kodi ya pango, na nyongeza yote ikaliwa kabla haijafika mezani.

Waskoti walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu, wenye nyumba wa Glasgow walipandisha kodi ya pango wakitumia nafasi ya wafanyakazi wengi kuja mjini kwa kazi za silaha. Wanawake wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na mama aitwaye Mary Barbour, walikataa kulipa nyongeza. Maafisa wa mahakama walipokuja kutoa watu ndani, wanawake walijaa mlangoni. Wapangaji walipopelekwa mahakamani mwezi Novemba, wafanyakazi wa viwanda vya silaha na meli waliacha kazi wakaandamana nao, na kabla ya mwaka kwisha Bunge la London likapitisha sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipande. Mama Barbour mwenyewe akachaguliwa diwani wa Glasgow mwaka 1920, mmoja wa wanawake wa kwanza katika baraza lile. Mgomo ulimpeleka kwenye udiwani. Mara nyingi sisi tunadhani hizo ni njia mbili zisizokutana.

Basi tuje kwenye ramani. Kabla ya mabadiliko, Uskoti ilikuwa na mabaraza ya kila aina: miji mikubwa minne, miji ya kati, miji midogo 176, kaunti, na mabaraza madogo ya wilaya. Jumla ilikuwa mabaraza 430 kwa watu wapatao milioni tano. Mengine yalikuwa ya mji wenye watu mia chache tu. Mwaka 1966 serikali ilimteua jaji mmoja, Lord Wheatley, aongoze tume ya kuchunguza mpango huo. Mwaka 1969 tume ikasema mabaraza ni mengi mno na hayana nguvu, yavunjwe, yawekwe mikoa 7 na wilaya 37. Serikali ya chama cha Conservative ikaleta sheria mwaka 1973. Lakini kati ya ripoti na sheria ramani ilibadilika: mikoa ikawa 9, wilaya zikawa 53, na visiwa vya Orkney, Shetland na Visiwa vya Magharibi vikapewa mabaraza yao matatu yenye kazi zote.

Kwa nini ilibadilika? Hapa ndipo pa kujifunza. Tume ilitaka kuikata Fife vipande viwili, kaskazini iende Dundee na kusini iende Edinburgh. Watu wa Fife walikataa. Mabaraza yao, vyama vyao, wachimba makaa na wakulima, wote walisema Fife ni moja. Wakashinda, Fife ikawa mkoa peke yake. Hiyo ni hadithi nzuri na hupendwa kusimuliwa. Kuna nyingine isiyosimuliwa sana. Pembezoni mwa Glasgow kuna vitongoji vya watu wenye uwezo, kama Bearsden na Milngavie upande wa kaskazini, na Eastwood upande wa kusini. Wengi wa watu wake walifanya kazi mjini, walitumia barabara za mji na hospitali za mji. Mpango wa tume ulikuwa kuviingiza katika wilaya ya Glasgow. Wenyewe hawakutaka kuchangia gharama za nyumba za maskini wa mjini. Sheria ilipotoka, vitongoji vile vilikuwa na wilaya zao wenyewe, ndogo na safi. Lakini mji wa wafanyakazi wa Rutherglen, uliokuwa na baraza lake tangu karne za kale, uliingizwa Glasgow.

Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mipaka ni kazi ya wataalamu na wapima ardhi tu, mwulizeni ni nani aliyekwenda kuonana na wataalamu hao jioni.

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa tarehe 7 Mei 1974. Kila mpiga kura alipewa karatasi mbili, moja ya halmashauri ya mkoa na moja ya halmashauri ya wilaya. Aliruhusiwa kupiga kura mtu wa miaka 18 na zaidi aliyeandikishwa, na si Mwingereza peke yake: raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola aliyekuwa akikaa huko naye alikuwa na haki. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mzambia aliyekuwa akifanya kazi Glasgow angeweza kwenda kituoni na kumchagua diwani. Mgombea hakutakiwa kuweka dhamana ya fedha, jambo ambalo nalisifu. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake katika kata ndiye aliyepita, hata kama hakufika nusu ya kura zote.

Waliokwenda kupiga kura walikuwa kama nusu tu ya walioandikishwa. Wengi hawakujua karatasi ipi ni ya nini. Na si kosa lao, maana kazi ziligawanywa kwa namna ya kumchanganya hata mwalimu. Shule, barabara, polisi, zimamoto, ustawi wa jamii, maji safi na maji machafu vilikuwa kazi ya mkoa. Nyumba za kupanga, uzoaji wa taka, afya ya mitaa, bustani na viwanja vya michezo vilikuwa kazi ya wilaya. Maktaba zilikuwa za wilaya, isipokuwa katika mikoa mitatu yenye watu wachache, ambako zilikuwa za mkoa. Taka zikiwa ndani ya pipa mbele ya mlango ni za wilaya. Zikiingia kwenye mfereji wa maji machafu ni za mkoa. Paa la nyumba likivuja umwone diwani wa wilaya, lakini bomba kubwa la barabarani likipasuka na maji yakaingia kwenye nyumba hiyo hiyo, umwone diwani wa mkoa. Nikisoma haya naliona bomba letu la kambini!

Ukubwa nao ulikuwa tatizo. Mkoa mmoja tu, Strathclyde, ulikuwa na watu karibu nusu ya Uskoti yote, kama milioni mbili na nusu, na wilaya 19 ndani yake. Mtu wa kisiwani magharibi na mtu wa katikati ya Glasgow walikuwa chini ya halmashauri moja ya mkoa. Ndiyo sababu halmashauri ya wilaya, ingawa ilikuwa na kazi chache, ndiyo iliyokuwa karibu na mwananchi. Diwani wa wilaya ungeweza kukutana naye dukani.

Katika miji na katika ukanda wa viwanda, chama cha Labour, ambacho kiliundwa na vyama vya wafanyakazi na kinapata michango yao hadi leo, ndicho kilichotangulia. Glasgow kilipata viti 55 kati ya 72. Katika milima ya kaskazini na mipakani kusini mambo yalikuwa tofauti. Huko wengi waligombea bila chama, wakijiita watu huru, na katika kata nyingi hapakuwa na kura kabisa kwa sababu mgombea alikuwa mmoja, akapita bila kupingwa. Baadhi ya hao watu huru walikuwa wenye mashamba makubwa. Sisi wa mashambani tunajua uhuru wa namna hiyo. Hata mijini, kabla ya 1974, watu wa mrengo wa wenye mali walizoea kugombea kwa jina la Progressives, maana yake wapenda maendeleo, wakisema siasa haina nafasi katika baraza la mji. Uchaguzi wa 1974 uliwafanya Conservative kusimama kwa jina lao karibu kila mahali mijini, na mimi naona hiyo ilikuwa faida: bora kumjua mtu kwa jina lake.

Lakini nani anaweza kuwa diwani? Hili chama chetu hakilizungumzi vya kutosha. Mikutano ya kamati hufanywa mchana, saa za kazi. Mwenye duka humwachia mkewe duka, wakili hufunga ofisi. Mtu wa zamu afanye nini? Mwaka 1975 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda ajira, ambayo vyama vya wafanyakazi viliipigania, na ndani yake kulikuwa na kifungu kinachomlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi aliye diwani nafasi ya kutosha ya kwenda mikutanoni. Hakikumlazimu kumlipa kwa saa hizo. Halmashauri yenyewe ilitoa posho ya kikao, ambayo kwa fundi mwenye mshahara mzuri haikufidia alichopoteza. Wengine waliendelea kwa moyo, wengine waliacha baada ya kipindi kimoja. Tena sheria ilikataza mtu kuwa diwani wa halmashauri inayomwajiri. Mzoa taka wa Glasgow hakuweza kukaa katika halmashauri ya wilaya ya Glasgow. Angeweza kugombea mkoani, kwa kuwa mkoa haukuwa mwajiri wake. Vyama vilivyokuwa na wanachama katika mabaraza vililazimika pia kupanga matawi yao upya, maana watu waliokuwa chini ya mwajiri mmoja jana, leo walikuwa chini ya wawili.

Sasa nawaleta kwenye jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia.

Halmashauri mpya zilichaguliwa Mei 1974, lakini zilianza kazi tarehe 16 Mei 1975. Mwaka mzima wa katikati, mabaraza ya zamani yaliendelea kushika kazi huku yakijua yanakufa. Katika mwaka huo, mwezi Januari 1975, madereva wa magari ya taka wa Glasgow waligoma. Walisema dereva wa lori kubwa katika kampuni za watu binafsi analipwa zaidi kwa leseni ile ile. Baraza la mji lilikuwa mikononi mwa Labour. Serikali ya London ilikuwa mikononi mwa Labour, chini ya Harold Wilson. Taka zilirundikana wiki baada ya wiki, panya wakaonekana mchana. Mwezi Machi serikali ikapeleka askari wa jeshi kuzizoa. Madereva walirudi kazini mwezi Aprili.

Fikirini dereva yule. Mei 1974 alikwenda kituoni akawapigia kura watu wa chama cha wafanyakazi. Michango yake ya chama ililipia karatasi zao za kampeni. Chini ya mwaka mmoja baadaye anawaona askari wameshika usukani wa gari lake. Wenzake wanaokaa katika nyumba za ghorofa, wafanyakazi kama yeye, wanamlaumu yeye kwa panya. Naye anajiuliza alimchagua mwakilishi au alimchagua bosi.

Alichagua vyote viwili. Halmashauri ya wilaya ilikuwa mwenye nyumba wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wa mwingine. Ukipunguza kodi ya pango, fedha za mshahara zinapungua. Ukiongeza mshahara, mpangaji au mlipa kodi ya majengo analia. Diwani aliyetoka chama cha wafanyakazi akikaa kwenye kiti hicho hawezi kutoka nje ya hesabu hiyo kwa nyimbo, na chama kisichozungumza naye kabla ya uchaguzi juu ya hesabu hiyo kitazungumza naye baadaye kwenye mgomo. Mimi siwalaumu madereva. Wala sidhani kwamba kila diwani aliyekuwa upande ule alikuwa msaliti. Nalaumu kwamba jambo hilo halikuwekwa mezani wazi wakati watu walipokuwa wakiomba kura.

Uchaguzi wa pili wa wilaya ulikuwa Mei 1977. Mwaka uliotangulia serikali ya Labour ilikuwa imekopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na kupunguza matumizi. Sisi tunalijua shirika hilo na masharti yake, lakini wengi hawakumbuki kwamba Waingereza nao walionja. Watu wakaadhibu chama kilichotawala. Glasgow, Labour ilishuka kutoka viti 55 hadi 30. Conservative walipata 25, chama cha wazalendo wa Uskoti, SNP, kikapata 16, na Liberal kiti kimoja. Jumla ni 72, kwa hiyo wa kutawala peke yake alihitaji 37. Hakuna aliyefika. SNP hawakutaka kuungana na upande wowote, na mwisho Conservative wenye viti 25 tu ndio waliounda uongozi wa mji ule wa wafanyakazi. Mwaka 1980 Labour ilirudi kwa wingi mkubwa. Wakati huo Margaret Thatcher alikuwa tayari Waziri Mkuu.

Mwaka huo huo wa 1980 sheria mpya ilimpa mpangaji haki ya kununua nyumba ya halmashauri kwa bei iliyopunguzwa. Halmashauri haikuweza kukataa. Wafanyakazi wengi walinunua, na sioni haki ya kuwasema vibaya. Nani asiyetaka nyumba yake? Lakini nyumba nzuri ndizo zilizonunuliwa kwanza, na mbovu zikabaki kwa wilaya. Haki hiyo ilifutwa Uskoti mwaka 2016, baada ya karibu nyumba nusu milioni kuuzwa.

Halafu ikaja kodi ambayo sisi hatuhitaji mkalimani kuielewa. Zamani huko kila nyumba ilitozwa kodi ya majengo kwa kadiri ya thamani yake, mwenye jumba alilipa zaidi ya mwenye chumba. Serikali ya Thatcher ikaifuta na kuweka mahali pake kodi ya kila mtu mzima, kiasi kimoja kwa wote wa eneo moja. Mwenye kasri na mfagiaji wake walitakiwa kulipa sawa. Asiye na kazi alipunguziwa, lakini hata yeye alilipa sehemu ya tano. Rasmi iliitwa malipo ya jamii. Waingereza wenyewe waliiita kwa jina la kale, kodi ya kichwa. Ndiyo ile ile ambayo serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwatoza babu zetu, na ili waipate babu zetu walitoka vijijini wakaenda kukata mkonge na kuchuma chai. Safari hii Waskoti ndio waliojaribiwa kwanza, tarehe 1 Aprili 1989, mwaka mmoja kabla ya England.

Halmashauri za Labour ziliipinga kwa maneno na kuikusanya kwa vitendo. Walisema sheria ni sheria, na diwani akivunja sheria atafilisiwa yeye mwenyewe. Watu mamia ya maelfu hawakulipa, wengine kwa ukaidi na wengine kwa sababu hawana. Madalali wa mahakama wakatumwa kukamata vyombo vya nyumbani na kuvipiga mnada. Majirani wakajaa mlangoni kuzuia, kama akina mama wa Govan mwaka 1915. Kijana mmoja wa Glasgow, Tommy Sheridan, aliongoza watu kuzuia mnada mwaka 1991 ingawa mahakama ilikuwa imempiga marufuku, akafungwa miezi sita. Akiwa bado gerezani Edinburgh, mwezi Mei 1992, wapiga kura wa Pollok walimchagua kuwa diwani wa halmashauri ya wilaya ya Glasgow, wakimshinda mgombea wa Labour. Sisemi kila mmoja afanye kama yeye. Nasema madiwani waliojiona salama katika kata za wafanyakazi walishtuka. Kodi yenyewe iliondolewa mwaka 1993, ikawekwa nyingine inayotazama thamani ya nyumba.

Uchaguzi wa 1992 ndio ulikuwa wa mwisho kwa wilaya zile. Serikali ya John Major ilichora ramani tena: mikoa na wilaya vyote vivunjwe, ziwekwe halmashauri zenye kazi zote, 29 bara pamoja na zile 3 za visiwani. Safari hii maji yaliondolewa kabisa mikononi mwa madiwani na kupewa bodi tatu zisizochaguliwa na mtu. Watu waliogopa kwamba hatua ya pili ni kuuza maji kwa kampuni, kama ilivyofanywa England mwaka 1989. Mkoa wa Strathclyde, ukijua unavunjwa, uliendesha kura ya maoni kwa posta mwezi Machi 1994. Waliorudisha karatasi walikuwa zaidi ya watu milioni moja, karibu 7 katika kila 10 waliotumiwa au zaidi kidogo, na 97 katika kila 100 walikataa. Linganisheni na ile nusu ya 1974. Mtu akijua karatasi ni ya nini, hushika kalamu.

Upinzani ulilalamika pia kwamba baadhi ya mipaka mipya, hasa kusini mwa Glasgow, imechorwa ili kuwafaa Conservative. Uchaguzi ulifanywa Aprili 1995. Conservative hawakupata kutawala halmashauri hata moja katika Uskoti yote. Wilaya 53 zilikwisha rasmi tarehe 1 Aprili 1996, na maji ya Uskoti hayajauzwa mpaka leo.

Kwa mkutano wa kikundi cha masomo, zungumzeni haya. Mahali mnapokaa, chukueni karatasi, gawanyeni katikati, upande mmoja andikeni maji, taka, shule, zahanati, barabara na kodi, upande wa pili jina la anayeamua kila kimoja, na kama alichaguliwa au aliteuliwa. Palipo wazi msibahatishe. Tumeni watu wawili wakaulize ofisini na warudi na jibu wiki ijayo. Je, kiwandani au shambani kwenu yupo mwanachama ambaye angeweza kuwa diwani, na nani atafidia saa zake? Na yule dereva wa Glasgow: kama angekuwa wa tawi lenu, na madiwani waliomwajiri ni wale mliowachagua ninyi, tawi lingempa jibu gani?